Je, wajua bakteria huzidhoofishaje mbegu za kiume?

Mwanamume anaweza kuwa na nguvu zake zote, asisikie maumivu yoyote, na bado mbegu zake zikashindwa kutunga mimba kwa sababu ya bakteria waliojificha katika njia yake ya uzazi. Jambo hili ni zito, kwa kuwa katika takriban nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto tatizo liko kwa mwanamume, ama peke yake ama pamoja na mwenzake, ilhali mara nyingi anayepelekwa kupimwa kwanza ni mwanamke.

Madhara ya moja kwa moja yanaonekana vizuri zaidi kwa Escherichia coli, bakteria ambaye makazi yake ya kawaida ni utumbo lakini ambaye huweza kupanda kupitia njia ya mkojo hadi kwenye tezi dume na korodani. Mwili wake umezungukwa na vinyuzi vyembamba vinavyonasa sukari iitwayo manosi, na sukari hiyo imo kwenye utando wa nje wa mbegu ya kiume. Bakteria hujibandika hapo, na mbegu mbili tatu zikiguswa na bakteria walewale hushikamana, kisha zinakuwa kichala kisichoweza kuogelea kwenda popote. Uchunguzi wa maabara umeonyesha kwamba kadiri bakteria wanavyozidi idadi ya mbegu, ndivyo mwendo unavyopungua. Zaidi ya hayo, sumu wanazozitoa huharibu mitokondria zilizo chini ya kichwa cha mbegu, ambazo ni sehemu ya chanzo cha nguvu ya kuuendesha mkia.

Klamidia, bakteria anayeambukizwa kwa njia ya ngono, ina hatari ya namna nyingine, nayo ni ukimya wake: wanaume wengi walioambukizwa hawaoni usaha wala hawahisi maumivu wakati wa kukojoa. Katika maabara, vipande vya ukuta wa bakteria huyu pekee vimetosha kuzifanya mbegu zife kabla ya wakati wake.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya uharibifu hutokana na mwili wenyewe unapojitetea, na kwa maoni yangu hili ndilo linalostahili kueleweka kuliko yote. Chembe nyeupe za damu zinapowavamia bakteria hutoa kemikali kali za oksijeni, ambazo haziwezi kubagua kati ya adui na mbegu iliyo jirani. Mbegu haina kinga ya kutosha dhidi yake, kwa kuwa inapokomaa hutupa karibu ute wake wote wa ndani, pamoja na vimeng'enya ambavyo vingeizimua sumu hiyo, huku utando wake ukiwa umejaa mafuta laini yanayoharibiwa upesi na oksijeni. Utando ukiharibika mwendo hupotea; kemikali zikifika kwenye kichwa, DNA hukatika, na mbegu ya namna hiyo inaweza hata kulifikia yai na kulirutubisha, lakini kiinitete kikashindwa kukua. Ndiyo maana maabara huhesabu chembe nyeupe katika manii: zikifika 1,000,000 kwa kila mililita, daktari huwa na sababu ya kutafuta maambukizi.

Uvimbe ukidumu bila kutibiwa, hasa wa kisonono au klamidia, makovu huweza kuziba epididimisi, yaani mrija mwembamba uliojikunja nyuma ya korodani ambamo mbegu hukomalia. Pande zote mbili zikiziba, manii hutoka bila mbegu hata moja, ingawa korodani zinaendelea kuzitengeneza.

Dawa za antibiotiki huwaua bakteria, ila haziondoi kovu, na ikiwa ugonjwa ni wa zinaa ni lazima mwenzi naye atibiwe, la sivyo maambukizi yatarudi. Si kila bakteria anayeonekana katika manii anahitaji dawa, maana wengine huishi humo bila madhara, au huchanganyika na sampuli kutoka kwenye ngozi. Baada ya matibabu, kipimo cha manii hurudiwa baada ya miezi 3 hivi, kwa kuwa mbegu huchukua takriban siku 74 kutengenezwa na wiki kama 2 nyingine kupita katika epididimisi. Kipimo cha mapema zaidi kitaonyesha mbegu zilizoumbwa wakati ugonjwa ungalipo.