Deni la zamani na ada ya chuo: mzazi wa Nyanda za Juu Kusini aanzie wapi

Kila mwaka, kati ya mwezi wa sita na wa tisa, mambo mawili huwakuta kwa pamoja wazazi wengi wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe. Mahindi yanavunwa na fedha kidogo inaingia nyumbani. Wakati huohuo matokeo ya kidato cha sita yanatoka na kijana anaanza kutafuta chuo. Ikiwa katika nyumba hiyo kuna deni lililokwama, mzazi huingiwa na hofu kwamba jina lake limeharibika na kwamba mtoto naye atakosa msaada, kisha kwa hofu hiyo huenda moja kwa moja kwa mkopeshaji wa mtaani kutafuta ada. Sisi tunaohudumia wanachama wa ushirika wa akiba na mikopo hapa Mbeya tunaona kwamba hofu hiyo huleta hasara kubwa kuliko deni lenyewe.

Mambo haya mawili yatenganishwe tangu mwanzo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, humpima mwombaji kwa uhitaji wake: kama ni yatima, kama yeye au mzazi wake ana ulemavu, kama kaya yao iko katika mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, kama alisomeshwa sekondari na mfadhili. Mkopo huo ni wa mwanafunzi, huandikwa kwa jina lake, na yeye ndiye atakayeurejesha. Mzazi mwenye mkopo chechefu benki, yaani uliokwama bila kulipwa, hajamfungia mtoto wake mlango huo. Kinachowafungia vijana wengi ni nyaraka, na nyaraka zinaweza kushughulikiwa kwa gharama ndogo ikiwa kazi itaanza mapema.

Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na vivyo hivyo cheti cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi. Kaya nyingi za vijijini, kuanzia Rungwe hadi Mufindi, hazina cheti cha kifo hata pale ambapo mzazi alifariki miaka mingi iliyopita, kwa sababu hakuna aliyewahi kukihitaji. Bila cheti hicho, yatima huonekana katika mfumo kama mtoto mwenye wazazi wote wawili, na kipimo cha uhitaji wake hubadilika kabisa. Ninawasihi walezi wasisubiri dirisha la maombi lifunguliwe. Waende ofisi ya usajili ya wilaya kijana akiwa bado kidato cha tano. Majina nayo yalinganishwe: jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa likitofautiana na lile la cheti cha kidato cha nne, suala hilo limalizwe kwa kiapo mbele ya wakili au hakimu kabla ya kuanza kujaza fomu.

Maombi yenyewe hufanyika kwa mtandao, kwa ada ambayo kwa miaka kadhaa imekuwa shilingi 30,000, inayolipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ambayo mfumo humpa mwombaji. Namba ya mtihani wa kidato cha nne inayotumika kuomba mkopo iwe ileile iliyotumika kuomba chuo. Fomu hutiwa saini na serikali ya kijiji au mtaa na pia kamishna wa viapo, kisha kurasa hizo hurudishwa kwenye mfumo. Hatua hii ndiyo wanayoipenda vishoka wa vibanda vya intaneti, ambao humjazia kijana fomu kwa haraka na kubaki na nywila yake. Afadhali kijana akae na mwalimu wake au ndugu anayejua kompyuta, kila ukurasa usomwe kabla ya kutumwa, na nywila ibaki kwake. Mwenye tatizo lisilotatulika kwa simu anaweza kufika katika ofisi ya kanda ya Bodi iliyopo Mbeya mjini.

Mlango si huo mmoja tu. Waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi katika kidato cha sita wana ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, ambao ni ruzuku na haurejeshwi. Tangu 2023/2024 Bodi hukopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwemo afya na ualimu wa baadhi ya masomo, jambo ambalo wazazi wengi hawajalisikia. Vyuo vingi navyo hukubali ada ilipwe kwa awamu, na mzazi anayekwenda kwa mhasibu wa chuo kabla ya muhula kuanza, akiwa na ratiba ya malipo aliyoiandika kulingana na mauzo ya viazi au mpunga wake, husikilizwa vizuri zaidi kuliko anayekwenda wakati wa mitihani.

Sasa deni. Benki Kuu ya Tanzania inasimamia kanzidata ya taarifa za wakopaji na imezipa leseni kampuni mbili za kuchakata taarifa hizo, Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet. Benki huangalia taarifa hizo kabla ya kukopesha, na mkopo wa benki uliopitisha siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa chechefu. Mkopaji ana haki ya kuomba ripoti yake mwenyewe na kupinga kilichoandikwa kimakosa. Ombeni ripoti hiyo kabla ya kulipa chochote, kwa sababu mara nyingi mtu anayedhani ana deni moja hukuta matatu: lile la benki, lile alilomdhamini shemeji yake, na mkopo mdogo wa simu aliousahau alipobadilisha laini.

Fedha ya mavuno ikiingia, ningeshauri madeni madogo yamalizwe kwanza na kwa kila moja idaiwe barua ya kumaliza deni, kwa kuwa risiti ya mwisho peke yake haitoshi pale kumbukumbu za mkopeshaji zinapochelewa kusahihishwa. Kwa deni kubwa, mkopaji aandike barua kuomba mkopo upangwe upya, aeleze msimu wake wa kipato na kiasi anachoweza kulipa bila kubahatisha. Mkulima wa mahindi wa Mbozi hana sababu ya kukubali marejesho ya kila mwezi wakati kipato chake huja mara moja au mbili kwa mwaka. Aombe ratiba inayofuata mavuno, na akishaipata aifuate bila kukosa. Baada ya miezi michache aombe ripoti tena na kuhakikisha mabadiliko yameingia. Historia mpya hujengwa na malipo madogo yanayofika kwa tarehe yake: hisa na akiba katika SACCOS, mkopo mdogo uliorejeshwa wote, au mkopo wa kikundi wa halmashauri usio na riba, unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo 4 ni kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo wa halmashauri ni wa mradi. Kuutumia kulipa ada ni kuanzisha deni chechefu jingine, tena safari hii ukiwaingiza wanakikundi wenzako.

Kuhusu mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, inayoitwa kausha damu, hesabu inatosha. Kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa shilingi 300,000, riba ya mwezi mmoja haipaswi kuzidi shilingi 10,500. Anayekutaka urudishe 390,000 baada ya siku 30 anakutoza asilimia 30, na mzazi aliyekopa hivyo mwezi wa kumi kwa ajili ya ada atakuwa ameingia msimu wa mvua bila fedha ya mbolea, hata ile ya ruzuku. Omba kuona leseni ya Benki Kuu na mkataba ulioandikwa kwa lugha unayoielewa. Anayetaka umwachie kadi ya benki na namba ya siri, kama wanavyofanyiwa watumishi wengi wa umma, asipewe. Malalamiko hupelekwa kwanza kwa mkopeshaji mwenyewe, na yasipotatuliwa hufikishwa Benki Kuu, ambayo ina tawi hapa Mbeya.

Kijana akipangiwa kiasi kidogo, au asipoona jina lake katika awamu ya kwanza, mzazi asikimbilie kukopa siku hiyo. Bodi hutoa majina kwa awamu, kisha hufungua dirisha la rufaa, ambamo mwombaji anaweza kuambatisha nyaraka zilizokosekana. Wakati wa kusubiri, zungumzeni na chuo kuhusu malipo ya awamu, na cheti kile cha kifo au cha ulemavu ambacho hakikuwa tayari mwezi wa saba kifuatiliwe hadi kipatikane kabla dirisha hilo halijafungwa.