Je, fidia ya Versailles ndiyo iliyoua sarafu ya Ujerumani?

Wengi tumefundishwa hivi: Mkataba wa Versailles wa 1919, ule ule ulioipokonya Ujerumani makoloni yake, Tanganyika ikiwemo, uliitwisha fidia ya vita kubwa mno hadi sarafu yake ikaporomoka mwaka 1923. Imani hii ina msingi, kwani fidia ilikuwepo na iliuma. Ila haielezi kila kitu.

Tuanze na tarehe. Vita vilipokwisha 1918, mark, sarafu ya Ujerumani, ilikuwa tayari imepoteza karibu nusu ya thamani yake, kwa kuwa serikali iligharimia vita kwa mikopo zaidi kuliko kodi. Fidia yenyewe, mark za dhahabu (zilizopimwa kwa dhahabu, si noti) bilioni 132, ilipangwa 1921, na bilioni 82 kati ya hizo zikawekwa fungu ambalo malipo yake yaliahirishwa bila tarehe. Tena ililipwa kwa dhahabu, fedha za kigeni na bidhaa kama makaa ya mawe, si kwa noti za mark. Januari 1923 Ufaransa na Ubelgiji zilivamia Ruhr, eneo la viwanda la Ujerumani, kwa sababu ya malipo yaliyochelewa. Serikali ya Ujerumani ikawalipa wafanyakazi waliogoma huko kwa kuchapisha noti mpya. Kufikia Novemba, dola moja ilikuwa mark trilioni 4.2.

Ukitaka kupima mwenyewe, linganisha na nchi nyingine iliyotozwa. Ufaransa iliposhindwa vitani na Ujerumani 1871 ilidaiwa faranga bilioni 5, ikamaliza kulipa 1873, na faranga haikuanguka hivyo.