Mwanamke hatari wa filamu za noir: ni nani anayemsimulia?

Film noir ni jina la kundi la filamu za uhalifu zilizotengenezwa Marekani katika miaka ya 1940 na 1950. Picha zake ni nyeusi na nyeupe, usiku ni mwingi kuliko mchana, lami imeloa mvua, na katikati yumo mwanamume anayejiona mjanja mpaka siku anapogundua kwamba amekwisha. Hollywood yenyewe haikuziita hivyo wakati inaziuza. Jina lilitoka Ufaransa mwaka 1946. Wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya Wajerumani, filamu mpya za Kimarekani hazikuwa zikiingia. Vita vilipokwisha zikaingia kwa mkupuo, na mhakiki Nino Frank akaona kuna jambo jipya. Katika filamu kama *The Maltese Falcon*, *Laura* na *Double Indemnity*, alisema, swali la nani kaua limepungua uzito, na tabia za watu ndizo zinazobeba hadithi.

Katika filamu hizo ndimo anamoishi mwanamke hatari, yule ambaye wahakiki humwita kwa Kifaransa *femme fatale*. Ni mrembo, ana akili, na ana kitu anachokitaka: pesa, uhuru, au kutoka katika ndoa iliyomchosha. Ili akipate anamtumia mwanamume, na kwa kawaida wote wawili wanaangamia. Aliyekua akisikia kisa cha Yusuf na Zulekha, au cha Samsoni na Delila, hataona ugeni hapa. Noir haikumzua mwanamke huyu. Ilichofanya ni kumleta mjini, ikampa sigara na bastola, kisha (na hili ndilo watu hulisahau) ikamkabidhi mwanamume kazi ya kutueleza habari zake.

*Double Indemnity* ya mwaka 1944 ndiyo mfano ambao kila mtu huutaja, na inastahili. Iliongozwa na Billy Wilder, aliyeandika mswada pamoja na Raymond Chandler kutoka riwaya ya James M. Cain. Walter Neff ni wakala wa bima mjini Los Angeles. Anakwenda nyumba fulani kumkumbusha mteja bima ya gari inayokaribia kuisha, mteja hayupo, na mkewe Phyllis anateremka ngazi. Kamera haianzi na uso wake. Inafuata miguu, na mguuni kuna kikuku. Msomaji wa pwani hahitaji maelezo marefu kuhusu maneno yanayosemwa juu ya mwanamke aliyevaa kikuku. Neff naye anakitaja mara kadhaa, kama vile kimempa ruhusa. Muda si mrefu Phyllis anauliza kama mtu anaweza kumkatia mumewe bima ya ajali bila mume mwenyewe kujua.

Ukiishia hapo utasema mwanamke kamtega. Lakini fuatilia matendo. Neff anakiri mwenyewe kwamba kwa muda mrefu amekuwa akiwaza jinsi ya kuichezea kampuni yake. Ni yeye anayeshikilia kwamba kifo kionekane kimetokea kwenye treni, kwa sababu mkataba unalipa fidia maradufu kwa ajali za nadra za namna hiyo. Ni yeye anayemuua mume kwa mikono yake ndani ya gari. Na wakati anaua, kamera haimwonyeshi. Inabaki kwenye uso wa Phyllis aliyeshika usukani, ambaye hata kope hazimtikisiki. Mwuaji ni mwanamume, sura tunayobaki nayo ni ya mwanamke.

Isitoshe, hadithi nzima tunaisikia kutoka kinywani mwa Neff. Filamu inaanza amejeruhiwa, ameketi ofisini usiku, anaongea kwenye mashine ya kurekodi sauti. Kila tunachokijua kuhusu Phyllis kimepita kwanza katika ungamo la mtu aliyekwisha kumpiga risasi. Sisemi kwamba Phyllis ni malaika; filamu yenyewe inatudokezea kwamba alimuua mke wa kwanza wa nyumba hiyo. Ninachosema ni kwamba mshitakiwa mmoja kapewa saa nzima na nusu ya kujieleza, na mwenzake hakupewa hata dakika moja.

Cain hakukitoa kisa hiki hewani. Mwaka 1927, mjini New York, Ruth Snyder na mpenzi wake Judd Gray walimuua mume wa Ruth, na nyuma yake kulikuwa na bima yenye kipengele cha malipo maradufu. Wote wawili walihukumiwa kifo na kuuawa kwenye kiti cha umeme usiku mmoja wa Januari 1928. Mpiga picha mmoja aliingia na kamera ndogo aliyoifunga kwenye kifundo cha mguu, akampiga Ruth picha akiwa kwenye kiti, na kesho yake ikajaa ukurasa wa kwanza wa gazeti. Waliouawa ni wawili, na aliyebaki kwenye kumbukumbu ya Marekani ni mmoja.

Kwa nini basi mwanamke huyu lazima afe? Sehemu ya jibu ni ya kiofisi tu. Kuanzia mwaka 1934 studio za Hollywood zilifuata kwa ukali kanuni za maadili zilizosimamiwa na Joseph Breen, na mojawapo ilitaka uhalifu usiachwe bila adhabu. Mwandishi aliyetaka kuonyesha mke anayeitoroka ndoa kwa damu aliweza, ilmradi mwishoni alipe.

Maelezo yanayorudiwa zaidi ni ya vita. Mamilioni ya wanawake wa Marekani waliingia viwandani na maofisini wanaume walipokuwa jeshini, wakashika mishahara yao wenyewe, na mwaka 1945 wakatakiwa warudi jikoni. Hofu ya wanaume waliorejea, inasemwa, ndiyo iliyomzaa mwanamke hatari. Maelezo hayo yana ukweli, ila hayatoshi. Riwaya ya *The Maltese Falcon* ilitoka mwaka 1930, na Cain aliandika kisa cha Phyllis katikati ya miaka hiyohiyo ya 1930. Vita vilimkuta mwanamke huyu tayari yuko vitabuni. Vilimpatia hadhira kubwa zaidi.

Na si kila anayeitwa hatari ni hatari. Chukua *Gilda* ya mwaka 1946, iliyosimamiwa na mtayarishaji mwanamke, Virginia Van Upp. Rita Hayworth, anayeigiza Gilda, anavua glavu moja huku akiimba wimbo unaomlaumu mwanamke aitwaye Mame kwa moto uliounguza Chicago mwaka 1871, na kwa tetemeko la San Francisco la mwaka 1906. Watu huikumbuka glavu, wimbo hawausikilizi. Ni kejeli: chochote kikiharibika, hata ardhi ikitetemeka, mtafute mwanamke. Johnny, mwanamume anayesimulia, anashinda filamu nzima akimhesabia Gilda wapenzi, na mwishoni ofisa wa polisi ndiye anayemwambia kwamba Gilda, ambaye sasa ni mke wake, hakufanya hata moja kati ya hayo. Lilikuwa igizo la kumuumiza roho.

Wahakiki wanawake walilishika suala hili kwa nguvu katika miaka ya 1970. Katika kitabu *Women in Film Noir*, kilichohaririwa na E. Ann Kaplan na kutolewa London mwaka 1978, Janey Place alitoa hoja ambayo bado inajadiliwa: adhabu ya mwisho haifuti kilichotangulia. Mtazamaji anatoka akimkumbuka mwanamke alivyokuwa na nguvu, wala si namna alivyokufa. Nakubaliana naye kwa Phyllis. Jaribu kumkumbuka Lola, binti mwema wa filamu hiyohiyo; wengi hata jina limewatoka.

Njia nyingine ya kulipindua jambo ilikwisha kuonekana kwenye riwaya. Mwaka 1947 Dorothy B. Hughes alichapisha *In a Lonely Place*. Msomaji anakaa ndani ya kichwa cha Dix Steele, mwanamume anayenyonga wanawake Los Angeles, na anasikia jinsi anavyowapima na kuwalaumu. Wanaomgundua ni wanawake wawili: Laurel, mpenzi wake, na Sylvia, mke wa rafiki yake mpelelezi. Hollywood ilipoigeuza kuwa filamu mwaka 1950, na mwigizaji Humphrey Bogart akapewa nafasi ya Dix, ilibadilisha mwuaji. Dix wa filamu ana hasira za kutisha na anakaribia kumnyonga Laurel, lakini msichana aliyeuawa katika filamu hiyo hakumuua yeye.