Kuruka hadi kipengele katika noti ndefu: maana yake

Programu nyingi za kuandikia noti hukuwezesha kupanga maandishi kwa ngazi: kichwa kikuu, chini yake vichwa vidogo, na chini ya hivyo vipengele vingine. Kila ngazi unaweza kuikunja kibaki kichwa chake tu. Noti zikiwa za skrini moja au mbili, kukunja na kukunjua kunatosha. Zikishafika maelfu ya mistari, kuskroli ni kupoteza muda. Hapo ndipo kuruka kunapohitajika: unataja sehemu unayoitaka, na programu inakuweka papo hapo, kishale kikiwa kwenye mstari wenyewe.

Wengi huona kuruka na kutafuta ni kitu kimoja. Kutafuta hufuata neno popote lilipo. Kuruka hufuata vichwa, tena pamoja na njia yake, yaani kichwa kimo ndani ya kipi. Njia hiyo ndiyo yenye thamani.

Chukua mtu anayejenga nyumba kidogo kidogo na kuweka kumbukumbu zote katika faili moja. Vichwa vikuu ni Msingi, Kuta, Paa na Milango, na chini ya kila kimoja kuna Fundi, Vifaa na Malipo. Akitafuta neno "malipo" kwa Ctrl+F, atapelekwa kwanza kwenye malipo ya msingi, kisha ya kuta, na katikati atasimamishwa kila alipoandika "malipo ya awali". Hata akifika panapomhusu, vichwa vya juu huenda viko nje ya skrini, na mstari unaosema "imebaki laki mbili" haumwambii kama deni ni la mabati au la mbao za milango. Kwenye pesa za mafundi, kosa hilo huzaa ugomvi. Akiruka, anaanza kuandika "Paa", orodha ya vichwa inapungua, na anachagua Paa/Malipo. Hakuna Malipo nyingine yenye njia hiyo.

Org, programu ya noti za ngazi iliyoanzishwa na mwanaastronomia Carsten Dominik mwaka 2003 kwa ajili ya Emacs (programu ya kuhariri maandishi), ina amri maalumu ya kazi hii: Ctrl-c, kisha Ctrl-j. Inakuonyesha vichwa vya faili vikiwa vimekunjwa, unatafuta humo unachotaka, unabonyeza Enter, unafika. Mpangilio wa faili unaouacha nyuma haubadiliki, jambo ambalo mimi nalithamini sana, kwa sababu kukunjua faili zima kwa ajili ya mstari mmoja kunakuvuruga mawazo.

Kati ya kutafuta na kuruka kuna kuchuja. Org, na pia Workflowy, programu nyingine ya noti za ngazi, zinaweza kukuonyesha mistari yenye neno lako pamoja na vichwa vilivyo juu ya kila mstari, huku mengine yakifichwa. Ukikumbuka neno lakini umesahau uliliweka wapi, anza hapa. Ukijua mahali, ruka moja kwa moja.

Wazo lenyewe si geni. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, mhandisi Mmarekani Douglas Engelbart alionyesha hadharani mfumo wa kompyuta ulioitwa NLS. Alichukua orodha ya vitu vya kununua dukani, akaipanga kwa makundi na ngazi, akawa anafunga na kufungua makundi hayo mbele ya watu. Katika mfumo huo kila kipengele kilikuwa na namba ya mahali pake, mfano 1a2, na mtumiaji aliweza kuagiza kurukia namba hiyo.

Namba ya mahali ina udhaifu wake: ukihamisha kipengele, namba inabadilika. Njia ya vichwa nayo hukatika ukibadilisha jina la kichwa, kwa mfano Paa ikiwa Kuezeka. Ukiwa unaruka kwa mkono hilo halina shida, utaliona jina jipya kwenye orodha. Shida huja kwenye viungo (link) ulivyoviandika ndani ya noti zako, vinavyoelekeza kwa jina la zamani. Ndiyo maana Org hukuruhusu kukipa kichwa kitambulisho cha kudumu, na Obsidian, programu nyingine ya noti, huruhusu hivyo hivyo kwa aya moja moja. Kitambulisho husafiri na kipengele chake, hata ukibadilisha jina la kichwa au ukikihamishia chini ya kichwa kingine.