Watu 1,200 si wachache

Kazi yangu ni kura za maoni: kuwauliza watu wachache watampigia nani, tukakisia wote. Juzi tena, Jaws Corner, baraza la kahawa Mji Mkongwe, kahawa haijapoa, mmoja akanivaa: "Nyinyi mnauliza watu 1,200 mkasema ndiyo Zanzibar nzima? Mimi hamjaniuliza, mke wangu hamjamuuliza!" Nimechoka. Atakayeniambia hivi tena nitampa haya asome.

Mnunuzi wa karafuu hamwagi gunia zima chini ahesabu makonyo, vile vijiti vilivyochanganyika na karafuu. Anatia mkono, anachota, anatizama. Ghala liwe na magunia hamsini au elfu tano, hatachota mara mia zaidi. Kitakachomponza ni kuchota mdomoni tu, pale mwenye gunia alipopanga zile nzuri. Kuhoji watu nako ni hivyo. Marekani, uchaguzi wa urais wa 1936, jarida la Literary Digest lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2 na kumtabiria ushindi Landon. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majibu yalikuwa tele, ila ya mdomoni mwa gunia, si ya kila aina ya mpiga kura.

Na zile picha za nyomi ya mkutano wa hadhara mnazonirushia WhatsApp usiku wa manane? Mdomo wa gunia huo huo. Mafuso yamewazoa kutoka majimbo matatu, fulana wamepewa, na wengine jana walikuwa kwa chama cha pili kumfuata msanii.

Haya, ukingo wa makosa, yaani jibu la waliochotwa linaweza kupishana kiasi gani na la watu wote. Kwa watu 1,200 ni kama asilimia 3 juu au chini. Basi tizameni matokeo rasmi ya urais wa Zanzibar, kwa asilimia: 1995, Dk. Salmin wa CCM 50.2, Maalim Seif wa CUF 49.8. 2010, Dk. Shein 50.1, Maalim 49.1. Kuuona mwanya wa 1995 kwa kuhoji, hesabu inadai watu kama 240,000, na hapo si kura ya maoni tena, ni uchaguzi wenyewe. Katika mbio za namna hiyo, anayekwambia fulani anaongoza kwa pointi moja anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Lakini ukingo huo unapima bahati ya kuchota tu. Wanaonikosesha usingizi ni wasiojibu.

Shehiani huingii kienyeji. Unapeleka kibali kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, kinatiwa saini, pengine unapewa mtu wa kukuonesha nyumba. Micheweni, Pemba, bibi mmoja alinitandikia mkeka, akaniletea maji, ndipo akauliza:

"Sheha ndiye aliyekutuma?"

"Sivyo, bibi. Nimepita kwake tu."

"Ahaa. Umepita kwake." Akacheka. "Kura yangu siri yangu, mwanangu. Wewe andika upendavyo."

Mtu aliyekuwa Pemba Januari 2001, polisi walipowapiga risasi waandamanaji, tahadhari hiyo siwezi kumlaumu nayo. Nikabonyeza "hakujibu". Ofisini wachambuzi huwaondoa hao, wakapiga asilimia kwa waliobaki, kana kwamba aliyenyamaza angechagua sawasawa na aliyesema. Kwa nini iwe hivyo? Wakinyamaza zaidi wa upande mmoja, kuhoji watu elfu kumi hakutusaidii kitu. Tutakosea vile vile, ila kwa kujiamini zaidi.

Nilijaribu sanduku: mtu anatia alama kwenye karatasi mwenyewe, anaikunja, anaitumbukiza, mimi nimempa mgongo. Waliokataa wakapungua. Nikafurahi wiki nzima, mpaka kijana mmoja wa Wete akaniuliza kwa nini karatasi zina namba nyuma. Zilikuwa namba za eneo tu, tena nimeziandika kwa mkono wangu. Wangapi kabla yake waliziona wakanyamaza, wakatia alama ya kuniridhisha? Ile kazi niliikabidhi hivyo hivyo, na jadweli lake hadi leo silitaji barazani.