Je, wajua kwa nini video ya simu mpya hukwama kwenye kompyuta ya zamani?

Mtu anarekodi sherehe ya kwanjula, yaani ya kutambulisha wachumba kwa familia, huko Masaka nchini Uganda kwa simu yake mpya, anamtumia faili ndugu aliyeko Arua, na ndugu huyo anapoifungua kwenye kompyuta ya mwaka 2010 anasikia ngoma na hotuba vizuri kabisa, ilhali picha imeganda, au inarukaruka, au ni weusi mtupu. Mafundi wengi humwambia mwenye kompyuta kwamba faili imeharibika. Kwa kawaida jibu hilo si sahihi, na linaumiza, kwa sababu kuna watu wanaofuta kumbukumbu za harusi na mazishi zisizo na kasoro yoyote.

Kosa la pili linafuatana na la kwanza, nalo ni kudhani kwamba herufi za mwishoni mwa jina la faili, yaani .mp4, .mov au .mkv, ndizo zinazoeleza aina ya video. Herufi hizo zinataja namna ya kufungasha tu: jinsi mkondo wa picha, mkondo wa sauti na alama za muda zilivyopangwa ndani ya faili moja. Picha yenyewe imebanwa kwa mbinu nyingine inayoitwa kodeki, na kodeki ziko nyingi: H.264 iliyotoka mwaka 2003, HEVC ambayo pia huitwa H.265 ya mwaka 2013, AV1 ya mwaka 2018, na kadhalika. Faili mbili zinaweza kuwa .mp4 zote, moja ikabeba H.264 na nyingine HEVC, na kompyuta ya zamani ikaicheza ya kwanza bila shida na kushindwa kabisa na ya pili. Kwa hiyo kubadilisha jina kutoka .mov kuwa .mp4 hakugusi hata kitone (pikseli) kimoja cha picha. Ni kweli kwamba mara chache mbinu hiyo huonekana kufaulu, lakini hapo programu ilikuwa imelikataa jina tu, huku kilichomo ikikiweza tangu mwanzo.

Ili kuona mzigo unatoka wapi, tuhesabu kidogo. Fremu moja, yaani picha tuli moja kati ya zile zinazounda video, ikiwa ya 1920 kwa 1080 ina vitone 2,073,600, na video ya fremu 30 kwa sekunde inaidai kompyuta vitone zaidi ya milioni 62 kila sekunde. Kama kila kitone kingehifadhiwa kwa baiti tatu, dakika moja ingejaza takriban GB 11, ilhali iPhone inayorekodi kwa HEVC huibana dakika hiyo hadi kama MB 60. Ufupisho huo wa ajabu unapatikana kwa kuhifadhi fremu nzima mara mojamoja, kisha kwa fremu zinazofuata kueleza mabadiliko tu: kipande hiki kimesogea kushoto, kile kimebaki kama kilivyokuwa. H.264 hugawa picha katika vipande vya vitone 16 kwa 16. HEVC huruhusu vipande vya hadi 64 kwa 64, vinavyoweza kugawanywa tena na tena, na ina njia 35 za kukisia kipande kutokana na majirani zake, pale ambapo H.264 ina njia 9 kwa vipande vyake vidogo. Ndiyo maana faili inakuwa ndogo, na ndiyo maana kuifumbua, yaani kuirudisha kuwa picha, ni kazi nzito.

Tufikirie kibanda cha filamu cha Kampala, ambamo VJ hushika maikrofoni na kuifasiri filamu ya kigeni kwa Kiganda papo hapo, bila filamu kusimamishwa. VJ anayeijua lugha ya filamu huenda nayo sambamba. Akipewa filamu ya lugha ambayo lazima atafute kila neno katika kamusi, anaweza kufasiri kwa usahihi kamili, lakini filamu haimsubiri. Atalazimika kuruka sentensi alizochelewa au kunyamaza. Ukibadilisha bango lililobandikwa mlangoni, lugha ya filamu inabaki ileile. Ukimpa mtu mwingine usiku kucha aifasiri filamu nzima kwa utulivu hadi lugha anayoijua VJ, kesho yake VJ ataifanya kazi bila kukwama.

Kompyuta ya zamani ndiyo VJ mwenye kamusi. Kompyuta za karibuni zina saketi maalumu ya kufumbua kodeki fulani: vichakataji vya Intel vya kizazi cha sita, vya mwaka 2015, vilipata saketi ya HEVC ya kawaida ya biti 8 (kipimo cha wingi wa ngazi za rangi), na kizazi kilichofuata kikaongezewa ya biti 10. Mashine iliyotangulia hapo inafanya kazi yote kwa kichakataji chake cha jumla, nayo ina milisekunde 33 tu kwa kila fremu. Sauti ni nyepesi sana kuifumbua, na programu nyingi za kuchezea video hufuata saa ya sauti, hivyo picha ikichelewa fremu hutupwa ili sauti isikatike. Na kwa kuwa fremu nyingi zimeelezwa kwa kurejelea nyingine, ikikosekana moja muhimu makosa yake huzifuata zinazoitegemea, mpaka ifike fremu nzima. Hapo ndipo nyuso hutokea zimepakwa rangi za kijivu au kijani.

Kuongeza RAM hakusaidii sana, maana kinachopungua hapa ni kasi ya hesabu wala si nafasi. Vifurushi vya kodeki vinavyopakuliwa kutoka tovuti zisizojulikana naviona kuwa hatari isiyo na faida: programu ya kuchezea video iitwayo VLC ni ya bure na ina vifumbuzi vyake yenyewe. Fungua video ndani ya VLC, bonyeza Ctrl na J, na jina la kodeki litaonekana pamoja na ukubwa wa picha. Ikiwa imeandikwa H.264 na picha bado ni nyeusi au ya kijani, jaribu kuzima ufumbuaji wa kutumia kadi ya michoro katika mipangilio, kwa sababu huenda kosa liko kwenye draiva, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo. Ikiwa imeandikwa HEVC au AV1, geuza faili iwe H.264 ya biti 8, yenye kimo cha vitone 720, kwa programu ya HandBrake au kwa amri hii ya programu ya FFmpeg:

ffmpeg -i kwanjula.mov -c:v libx264 -crf 23 -vf scale=-2:720 -pix_fmt yuv420p -c:a aac kwanjula.mp4

Kazi hii ifanyike kwenye mashine yenye nguvu ikiwezekana, kwani kompyuta ya zamani inaweza kutumia saa nyingi, na faili ya asili itunzwe, kwa sababu kila mgeuzo wa namna hii hupoteza ubora kiasi.

Faili zilizoharibika kweli zipo, ila dalili zake ni tofauti. Flashi ikichomolewa kabla ya kunakili kwisha, ukubwa wa nakala kwa kawaida huwa mdogo kuliko wa faili ya asili, na dawa ni kunakili upya. Simu ikizimika katikati ya kurekodi, faili ya .mp4 inaweza kukosa faharasa, yaani orodha ya mahali kila kipande kilipo ndani ya faili, ambayo simu nyingi huiandika mwishoni, na bila faharasa hiyo hata sauti haisikiki. Programu ya untrunc hujaribu kuijenga upya kwa kutazama video nyingine nzima iliyorekodiwa na simu ileile kwa mipangilio ileile. Hufaulu mara nyingine, si kila mara.

Anayejua kwamba video zake zitatazamwa kwenye kompyuta za zamani anaweza kuepusha kazi yote hii kabla ya sherehe. Katika iPhone, kuanzia iPhone 7 yenye iOS 11 ya mwaka 2017, HEVC ndiyo huchaguliwa tangu mwanzo. Katika mipangilio ya kamera, sehemu ya miundo, lipo chaguo la kurekodi kwa upatanifu mkubwa zaidi, linaloirudisha simu kwenye H.264. Simu nyingi za Android zina chaguo kama hilo ndani ya mipangilio ya video. Dakika ya 1080 itachukua takriban MB 130 badala ya 60, kwa hiyo nafasi ya kutosha iandaliwe kwenye simu mapema.