Kabla ya Kufungua Udi, Piga Makofi

Nilifika shambani Ijumaa alasiri. Udi ungali ndani ya mfuko wake, nikaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa nyumba kuu, nikapiga kofi moja na kusikiliza. Nikarudi nyuma hatua tano, nikapiga jingine. Vijana waliokuwa wakitandika mikeka wakaacha kazi wakanitazama. Mmoja akauliza, "Fundi, waita nani?" Nikamwambia naupima ukuta.

Mimi ni fundi wa ala za nyuzi hapa Mombasa: udi, ganuni, fidla, taishokoto. Nazitengeneza zikiharibika, na udi naupiga. Mwisho wa wiki iliyopita tulikuwa na siku mbili za muziki bila spika hata moja, bila maikrofoni, bila jenereta, na kazi niliyopewa ni kuhakikisha kwamba mtu wa safu ya mwisho anasikia maneno. Si sauti tu, maneno. Wengi wameniuliza tulifanyaje, kwa hiyo naeleza hapa.

Shamba lenyewe liko Kisauni ndani, upande wa Junda, mahali ambapo ukisimama penye mwinuko unaiona mikoko ya hori. Ni katika yale mashamba ya minazi na miembe ambayo jamaa za mji walikuwa nayo ng'ambo ya kisiwa tangu karne ya 19. Zama hizo kwenda huko ni kuvuka kwa chombo. Daraja la kwanza la Nyali, lile lililokuwa likielea, lilikuja 1931, na hili tunalopita sasa ni la 1980. Nyumba imebaki nusu. Paa limekwisha, boriti zimeliwa, lakini ukuta wa mbele umesimama wote: mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake kama kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko.

Waliobeba mawe hayo na kuipanda minazi ile hawakufanya kwa hiari yao. Utumwa ulifutwa kisheria pwani hii mwaka 1907, na si mbali na shamba hilo kuna Freretown, kijiji kilichoanzishwa 1875 na shirika la wamishonari la Church Missionary Society kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Kengele yake ndiyo iliyopaita mahali Kengeleni, na kila siku matatu zapita mbele yake. Siwezi kukaa chini ya mwembe wa shamba kama hilo nikaanza na nyimbo za mapenzi kana kwamba pale hapajawahi kuwa na mtu. Kwa hiyo saa nzima ya kwanza Jumamosi haikuwa ya taarab. Wazee wa Kidigo na Kigiriama wanaoishi jirani walikuja na kayamba zao na filimbi zao za chivoti, wakapiga walivyotaka, kwa muda waliotaka, nasi tukakaa kimya. Kayamba ni mabua yaliyofungwa bapa na mbegu ndani, basi. Lakini kayamba sita zikienda pamoja mbele ya ukuta wa mawe unahisi mvua inakuja.

Sasa ukuta. Sauti katika joto letu huenda karibu mita 350 kwa sekunde. Ukisimama mita 17 au zaidi kutoka ukutani ukapiga kofi, unasikia mawili: lako na lile lililorudi. Ukisogea karibu, yale mawili yanakaribiana, na ukifika hatua mbili hivi kutoka ukutani sikio haliyatenganishi tena. Linasikia kofi moja, lakini nene zaidi. Hapo ndipo mpigaji anapokaa. Ukuta wa mawe uliopakwa chokaa haumezi sauti, unairudisha karibu yote, kwa hiyo udi wako unakuwa kama udi na nusu. Kaa hatua kumi kutoka ukutani na ukuta uleule unakugeukia adui: sauti inayorudi inachelewa kidogo, inapanda juu ya silabi inayofuata, na ushairi wote unakuwa uji.

Nilikuta mikeka ya wapigaji imetandikwa katikati ya uwanja, mahali pazuri pa kupigia picha. Nikaihamisha.

Jambo la pili ni umbali. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua desibeli 6, desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti. Udi hauna nguvu ya kupoteza namna hiyo. Anayeusikia vizuri akiwa hatua tatu, akiwa hatua kumi na mbili ameshapoteza desibeli 12, na hapo hata mtu kubadili mkao juu ya mkeka kunamfunika. Ndiyo maana sikukubali safu ndefu za viti zinazorudi nyuma. Tulikaa nusu duara, safu nne, mikeka mbele, vigoda nyuma, viti mwisho kabisa, na hakuna aliyekuwa zaidi ya hatua kumi kutoka kwa mwimbaji. Wageni hamsini na kitu walienea. Wangekuja mia, ningependekeza tupige mara mbili.

Kuhusu upepo watu wana dhana moja ambayo naiona si sawa, kwamba upepo hubeba sauti ukaipeleka kwingine. Kwa umbali mkubwa ni kweli. Kwa hatua kumi, upepo hauipindi sauti kiasi cha kujali. Kinachoharibu ni kelele ya majani. Na majani hayafanani. Kuti la mnazi ni gumu, likipigwa na kusi lagongana na lenzake usiku na mchana, na mlio wake umekaa palepale zinapokaa "s" na "sh" za mwimbaji. Jani la mwembe ni zito na laini, lanong'ona tu. Kwa hiyo tulichagua upande wa ukuta wenye miembe (na chini ya mnazi hakukaliwi, nazi haina rafiki). Na tulingoja. Mchana wa msimu huu kusi haliachi mtu, lakini jua likizama linalegea. Adhana ya magharibi ilitukuta tunakunywa chai na mahamri, tukanyamaza, walioswali wakaswali. Ala za nyuzi zilifunguliwa baada ya isha.

Niliwahi kuitwa na hoteli moja ya ufuoni kupiga udi "bila umeme". Wakaniweka kando ya bwawa la kuogelea, bahari mbele, minazi juu, friji ya vinywaji inanguruma mgongoni. Nilipiga saa mbili, sidhani kuna aliyesikia uzi mmoja. Tangu siku hiyo siendi mahali bila kuuliza kwanza: kuna nini kinachonguruma? Shambani hata muuza kahawa niliongea naye. Kugonganisha vikombe ndiyo matangazo yake ya biashara, nami naupenda mlio ule tangu utoto, ila nilimwomba agonge kati ya wimbo na wimbo. Akakubali mara moja, na usiku kucha hakukosea hata mara moja.

Ala zenyewe hazina nguvu sawa, na hapa ndipo kazi ya kweli ilipo. Kwenye spika mtu anageuza kitufe; bila spika unageuza watu. Fidla ni kali, hulifikia sikio kabla ya kila kitu, kwa hiyo mzee wa fidla nilimketisha pembeni, ala yake ikitazama miembe badala ya wasikilizaji. Akanitazama. "Mwanangu, wanifukuza?" Nikamwambia, "La, mzee, nakuweka mahali ambapo udi utakusikia na wewe utausikia." Alipiga wimbo mmoja, akatikisa kichwa, na hakutaka tena kuhama. Dumbaki, ngoma yetu ya mkono, ilikaa nyuma, si karibu na ukuta. Mwimbaji alikaa mbele, goti lake karibu liguse goti la mwenye udi.

Taishokoto ndiyo iliyonisumbua. Ni ala ya Kijapani ambayo Mombasa tumeifanya yetu, vitufe kama vya taipureta juu ya nyuzi za chuma, na kwa miaka mingi huku kwetu imezoea kuchomekwa kwenye amplifaya. Ukiichomoa inabaki na sauti ya mbu. Nilijaribu mapajani, nikajaribu kwenye meza ya plastiki, wapi. Mwisho nilichukua sanduku tupu la mbao nyembamba, nikalifudikiza, nikaiweka juu yake bila kitambaa wala mpira chini ya miguu. Mtikisiko wa nyuzi ukaingia kwenye mbao, na sanduku zima likaanza kuimba. Hapo ikasikika mpaka safu ya nne. Ukiwa nayo nyumbani, jaribu leo, kwenye mlango wa kabati la mninga hata ni tamu zaidi.

Halafu unyevu. Hewa ya Mombasa mara nyingi hupita unyevu wa asilimia 70, na shambani karibu na hori, usiku, huwa zaidi. Mbao hunywa maji ya hewani ikavimba, tena huvimba kwa upana wake, si kwa urefu. Uso wa udi unanyanyuka, nyuzi zinakuwa juu, vidole vinaumia. Ganuni ndiyo mgonjwa zaidi. Ile tuliyokuwa nayo ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, na daraja lake, yaani kile kipande cha mbao kinachobeba nyuzi, linakanyaga juu ya vipande vya ngozi ya samaki. Ngozi ikipata umande inalegea, daraja linashuka kwa kiasi ambacho jicho halioni, na nyuzi zote 78 zinashuka pamoja nalo. Saa tatu usiku nilikaa na ufunguo wake chini ya taa ya chemli, nikaanza upande wa besi, uzi kwa uzi. Nilipofika mwisho, mwanzo ulikuwa umeshashuka tena. Sikushindana nayo. Nilimwambia mwenye udi ashuke aifuate ganuni, fidla ikafuata udi, na mwimbaji akasema hivyo ndivyo koo lake lilivyotaka tangu mwanzo.

Ngozi ya dumbaki na tari hizo dawa yake ni ya zamani: moto wa makumbi ya nazi, mbali na miali, unaigeuza geuza na kuigonga kwa kidole mpaka mlio unyooke. Mtoto wa mwenyeji alipewa kazi hiyo na akaifanya kwa heshima kubwa.

Kwa nini taabu yote hii? Kwa sababu ya shairi. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, alijenga jina lake kwa koo tu kabla hajaenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Hapa kwetu tumekuwa na kina Juma Bhalo na Zein l'Abdin, waimbaji ambao shabiki wao alikuja kusikiliza neno lilivyowekwa. Sasa arusini spika zimepangwa ukuta mzima, kibodi inafanya kazi ya watu wanne, na ukimuuliza aliyecheza usiku kucha wimbo ulisema nini, anakuimbia kiitikio peke yake. Simlaumu. Hakusikia.

Nitoe mfano wa usiku ule. Weka kiganja mbele ya mdomo wako useme paa, la nyumba. Halafu useme paa, yule mnyama wa mwituni. Kama umekulia Mombasa au Lamu utahisi tofauti: paa wa mwituni anatoka na pumzi, kiganja kinapata upepo, paa la nyumba halina pumzi. Maandishi hayaonyeshi. Ndivyo ilivyo pia kaa la moto na kaa wa pwani, tembo la kunywa na tembo mwenye mkonga. Maikrofoni huiharibu pumzi hiyo, ama inailipua ikawa "p" ya bomu, ama fundi mitambo anaikata asije akaudhi watu.

Mmoja wa wageni alikuwa na wimbo wake mwenyewe, na kipande kimoja kilisema:

Nalala nikiwa macho, nasikitikia paa.

Mara ya kwanza mwimbaji alilitoa neno la mwisho kavu, bila pumzi. Tukaona nyumba inayovuja, mtu anatazama juu, tukamhurumia. Udi ukajibu kidogo. Mara ya pili akalirudia lile lile, sasa na pumzi, na akina mama wa safu ya tatu wakapiga kelele kwa pamoja. Hakuwa analilia nyumba. Mmoja aliinuka na noti mkononi kwenda kumtuza, akasimama mbele yake muda mrefu bila kuitoa, anamtazama tu.

Usiku ardhi ikishapoa, hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu, na sauti badala ya kwenda zake mbinguni hupinda ikarudi chini. Wimbo huenda mbali kuliko unavyodhani. Ila sauti nyembamba, kama pumzi ya "p", huchoka njiani na kumezwa na majani.

Jumapili asubuhi nilikuwa nalegeza nyuzi za udi ili niufunge, nikamwona bibi mmoja anakuja polepole kutoka nyumba za upande wa pili wa miembe, kama mita mia hivi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Jana nilikaa barazani kwangu, nimesikia kula neno. Kula neno. Lakini yule aliyekuwa halali, alikuwa asikitikia paa gani?"

Akavuta kigoda akakaa. Mwimbaji alikuwa bado amelala, kwa hiyo nikazikaza nyuzi tena.